Presha ya Damu na Akili za Wazee Wetu



Mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama alinishika mkono baada ya ibada, nisiondoke kabla ya kumjibu. "Daktari," akasema (watu huniita hivyo, ingawa mimi ni tabibu mstaafu tu), "sisi twajua kwamba presha huleta kupooza. Lakini mzee wangu hakupooza. Anatembea, anakula, hata utani anatania. Mbona akili yake haitulii tena? Je, na hiyo ni presha?" Nilimjibu kwa kifupi kwamba yaweza kuwa presha. Lakini jibu la kusimama mlangoni halitoshi, na najua wako wengi wenye swali hilo hilo nyumbani mwao. Basi nimeona tulifanye kuwa somo letu la afya safari hii.

Nianze na habari ya aibu, na aibu yenyewe ni yangu. Miaka kadhaa iliyopita, katika mtaa nilikokuwa nikifanya kazi, tulikuwa na mtunza hazina, mwalimu mstaafu. Kwa miaka mingi daftari lake lilikuwa safi kama kitambaa cha altare. Kisha likaanza kuharibika. Sadaka ya Jumapili moja aliiandika mara mbili, ya Jumapili nyingine hakuiandika kabisa. Fedha za mabati zikakutwa katika mfuko wa koti alilovaa mazishini. Tulipomwuliza akakasirika, naye zamani hakuwa mtu wa hasira. Halmashauri ikakaa, nami nikiwa mmoja wa wajumbe. Hakuna aliyelitamka neno "mwizi", lakini kila mtu alilifikiri, na tukamnyang'anya ufunguo wa kasha. Akaacha kuja kanisani.

Mwaka uliofuata alianguka bafuni, akapelekwa hospitali, akapigwa picha ya kichwa. Picha ilionyesha makovu madogo madogo ya zamani ndani ya ubongo, wala si moja au mawili. Presha yake ilikuwa 200 kwa 110. Kumbe alikwisha kuambiwa habari ya presha miaka kumi nyuma, akameza dawa kwa miezi miwili, akajiona mzima, akaacha. Na zile fedha? Hakuna shilingi iliyopotea. Binti yake alizikuta zote, nyingine katika bahasha, nyingine ndani ya kitabu cha nyimbo. Mimi niliyewapima watu presha miaka thelathini sikuwahi hata siku moja kumfunga mkanda mkononi mzee huyo, ambaye tuliketi naye benchi moja kila Jumapili.

Presha ni nini?

Moyo ni pampu, na mishipa ni mabomba. Damu inaposukumwa hubana kuta za mishipa, na nguvu ile ya kubana ndiyo tunayoiita presha, au shinikizo la damu. Kila mtu anayo, maana bila hiyo damu isingefika kichwani. Ubaya ni pale inapozidi. Hupimwa kwa namba mbili: ya juu ni nguvu ya damu moyo unapokaza, ya chini ni nguvu iliyobaki moyo unapolegea. Mtu mzima mwenye 120 kwa 80 au chini kidogo yuko vizuri. Akipimwa siku mbalimbali akaonekana ana 140 kwa 90 au zaidi, huyo ana presha ya kutibiwa. Mkanda tunaofunga mkononi ulitengenezwa na Mwitalia Scipione Riva-Rocci mwaka 1896, na Mrusi Nikolai Korotkov akatufundisha mwaka 1905 kusikiliza sauti ya mshipa kwa kifaa cha masikioni. Kwa hiyo ugonjwa huu ni wa kale, ila macho ya kuuona ni mapya.

Kwa wazee liko jambo la kuangaliwa. Miaka inavyoongezeka mishipa mikubwa hukakamaa kama mpira wa maji ulioachwa juani. Hapo namba ya juu hupanda, na ya chini hubaki palepale au hushuka. Nimewasikia wazee wenye 170 kwa 80 wakifurahi kwamba "ya chini ni nzuri." Wasijidanganye. Katika umri huo namba ya juu ndiyo ya kuogopwa zaidi. Wala tusiseme, "Ni uzee tu." Jambo likiwapata wengi halijawa salama kwa sababu hiyo.

Tena wako wasemao, "Mimi sina mawazo, presha itatoka wapi?" Mawazo yaweza kuipandisha kwa muda, ni kweli, lakini mtu mwenye furaha na anayelala usingizi mzuri aweza kuwa na presha ya 180. Kichwa hakimwumi, moyo haumwendi mbio, haoni lolote. Ndiyo maana huwezi kuijua kwa kujisikia, yapasa kupimwa.

Inavyouharibu ubongo

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na robo hivi mpaka kilo moja na nusu, yaani kama sehemu 2 tu katika 100 za mwili wote. Lakini peke yake hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za hewa safi tunayovuta. Nao hauna ghala. Misuli huweza kuvumilia kidogo damu ikikosekana, lakini ubongo ukinyimwa damu dakika chache tu huanza kufa.

Sasa fikirini bomba kuu la maji lililotobolewa ubavuni, kikatiwa humo kijibomba chembamba cha kupeleka maji kwenye nyumba moja. Ndivyo ilivyo ndani kabisa ya ubongo. Vimshipa vyembamba hutoka moja kwa moja kwenye mishipa mikubwa, bila kupungua ukubwa hatua kwa hatua kama matawi ya mti, hivyo hupigwa na nguvu yote ya damu. Vikipigwa hivyo mwaka baada ya mwaka, kuta zake hunenepa kwa ndani na njia ya damu huwa nyembamba. Mwisho kimoja huziba. Sehemu iliyokuwa ikilishwa nacho hufa, kisehemu kidogo tu, labda cha ukubwa wa punje ya mchele au ya harage. Mgonjwa huenda asijue kitu. Pengine siku ile alijiona mzito kidogo, akalala mapema, basi. Kisha hufa kingine, na kingine.

Zaidi ya makovu hayo ziko na nyuzi nyeupe za ndani, zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine kama nyaya za simu. Zikipata damu haba huchakaa. Simu ipo huku na simu ipo kule, lakini ujumbe wachelewa njiani.

Kwa sababu hiyo mzee wa namna hii si lazima aanze kwa kusahau majina ya wajukuu, na hapa ndipo jamaa hukosea. Wao hungoja kusahau. Mara nyingi yeye huanza kwa kuwa mzito wa kufikiri, kushindwa kupanga mambo mawili kwa pamoja, kuchanganya hesabu, kuanza kazi asiimalize. Husimulia habari za mwaka wa Uhuru vizuri sana, lakini ukimtuma dukani kununua vitu vitatu hurudi na kimoja na chenji pungufu. Huweza kuwa mkali, au akalia bila sababu, au akakaa kimya asitake lolote. Mwendo wake hubadilika, hatua fupi fupi, miguu ikiburuta chini. Haja ndogo humjia ghafula. Mtu husema, "Mzee amekuwa mvivu," au "amekuwa mchoyo." Mwalimu wetu alionyesha karibu dalili hizo zote, na sisi tukaiona daftari peke yake.

Uko pia ugonjwa wa Alzheimer, uitwao kwa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka 1906. Huo ndio unaoanza zaidi kwa kusahau mambo ya juzi na jana. Si ugonjwa wa mishipa, lakini katika vichwa vya wazee wengi yote mawili hukutwa pamoja, na mmoja humwongezea mwingine nguvu. Mwaka 2024 wataalamu waliokusanywa na gazeti la utabibu la Lancet la Uingereza walitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya akili kufifia uzeeni, nayo ni mambo ambayo twaweza kuyafanyia kitu. Presha katika umri wa makamo ni mojawapo. Angalieni neno hilo, umri wa makamo. Uharibifu unaoonekana kwa babu wa miaka 75 huenda ulianza alipokuwa baba wa miaka 45, akilima na kusomesha watoto, asiye na habari.

Mtu mkubwa aliyekufa kwa presha

Zamani hata madaktari hawakuijali. Wengi waliamini kwamba mishipa ikikakamaa, presha lazima ipande ili damu ipite, na kwamba kuishusha ni kumdhuru mtu. Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, alipimwa Machi 1944 na daktari wa moyo, Howard Bruenn, akakutwa na 186 kwa 108. Dawa za kufaa hazikuwapo. Alipunguziwa kazi, chumvi na sigara, akapewa dawa ya moyo, lakini namba zilizidi kupanda. Februari 1945, alipokutana na Churchill na Stalin huko Yalta, ilifika 260 kwa 150. Tarehe 12 Aprili mwaka huo, akiwa Warm Springs katika jimbo la Georgia, ameketi achorwe picha, alilalamika maumivu makali ya kisogo, akaanguka. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani. Akafa siku ile ile, mwenye umri wa miaka 63. Leo maskini wa kijijini aweza kupata kwenye kituo cha afya kidonge ambacho rais huyo hakukipata kwa utajiri wote wa nchi yake.

Na kwetu je?

Wako wanaodhani haya ni magonjwa ya Wazungu na matajiri wa mjini. Haya, sikieni habari za wilaya ya Hai, pale chini ya Kilimanjaro. Tangu mwaka 2003 mpaka 2006 watafiti walihesabu watu waliopatwa na kiharusi huko Hai na katika sehemu ya Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha hesabu kwa umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya kama 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam kama 316. Idadi ile ya Dar es Salaam ni kubwa kuliko ya nchi nyingi za Ulaya. Baadaye huko huko Hai wazee wa miaka 70 na zaidi walipimwa vijijini, watu zaidi ya 2,000, na karibu 70 katika kila 100 walikutwa na presha. Hao ni wakulima wa kahawa na migomba, si wakubwa wa ofisini. Waliokuwa na dawa, na dawa ikafanya kazi yake, walikuwa wachache mno.

Jambo lililonishangaza katika uchunguzi wa Hai na Dar es Salaam ni hili. Watu walipoulizwa kiharusi hutoka wapi, wale wa shambani walitaja zaidi presha, mafuta na masumbuko ya maisha. Wa mjini walitaja zaidi mapepo na uchawi. Nasi hudhani mji ndio wenye elimu! Mgonjwa anayedhaniwa ana pepo hupelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji, au hukalishwa nyumbani aombewe tu, na saa zinapita. Kuombea wagonjwa ni wajibu wetu. Lakini maombi yaweza kufanywa ndani ya gari la kwenda hospitali.

Basi shikeni dalili hizi. Uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kuishiwa nguvu ghafula, maneno kupotea au kuwa kama ya mlevi, jicho kuingia giza, kichwa kuuma vikali mno kwa ghafula. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, msingoje kuche. Msimpe chakula wala maji, maana huenda asiweze kumeza, akapaliwa. Msimpe kidonge cha presha cha jirani. Na kama dalili zikiisha zenyewe baada ya robo saa, bado mpelekeni, kwa sababu hiyo huwa hodi ya kiharusi kikubwa kinachokuja.

Je, dawa husaidia akili?

Hili ndilo swali lenyewe la yule mama. Palipokwisha kufa pamekufa. Hakuna kidonge cha kufufua kovu. Lakini sehemu zilizobaki zaweza kulindwa. Mwaka 1998 ilitangazwa habari ya wazee wa Ulaya wenye miaka 60 na zaidi, ambao namba yao ya juu ilikuwa kubwa. Waliopewa dawa walipatwa na ugonjwa wa akili kufifia kwa nusu ya wale waliopewa vidonge visivyo na dawa, yaani karibu 4 badala ya karibu 8 katika watu 1,000 kwa mwaka. Mwaka 2008 wakajaribu kwa wenye miaka 80 na zaidi, ambao watu walisema ni bure kuwatibu. Viharusi vilipungua kama sehemu 30 katika 100. Na mwaka 2019 Wamarekani walitoa matokeo ya watu 9,361 wa miaka 50 na zaidi. Nusu yao walishushwa presha mpaka chini ya 120, wengine chini ya 140. Kule kufifia kwa akili kwa mwanzo mwanzo kulipungua karibu sehemu moja katika tano kwa wale wa 120. Ugonjwa kamili nao ulipungua kidogo, ila si kwa kiasi cha kuwafanya wataalamu waape.

Hayo yasimfanye mtu akimbilie kumeza vidonge viwili viwili. Ubongo uliozoea presha kubwa kwa miaka huzoea hiyo, na ukiishusha kwa siku moja damu haitoshi kichwani, mzee anaona kizunguzungu, anaanguka, anavunjika nyonga. Ishushwe polepole, kwa majuma. Mzee dhaifu wa miaka 85 si sawa na mwenye nguvu wa miaka 60, na kiwango cha kila mmoja huamuliwa na anayemtibu. Yafaa mzee apimwe pia akiwa amesimama, na akiamka asubuhi akae kwanza ukingoni mwa kitanda.

Ila kosa kubwa kwetu si kuzidisha, ni kuacha. Mtu hupimwa, huambiwa "imeshuka", naye husikia "umepona." Imeshuka kwa sababu ya dawa. Ukiiacha hupanda tena, wala haitakupigia hodi. Kama dawa inakuletea kikohozi au kuvimba miguu, rudi useme, ziko nyingine. Kama shida ni fedha, sema hivyo pia. Ziko dawa za bei nafuu zilizotumika miaka mingi, na si haya kuuliza.

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, nacho ni pamoja na ile iliyomo tayari ndani ya ng'onda, papa mkavu, supu za pakiti na mikate. Magadi ya kulainisha maharage nayo huhesabiwa, maana ni ndugu wa chumvi. Pombe na tumbaku, hata ya ugoro, mwajua wenyewe. Kutembea kwa miguu nusu saa kwa siku ni dawa. Kuna na jambo lisilosemwa sana: vidonge vya maumivu ya viungo, kama diklofenaki na ibuprofeni, ambavyo wazee wetu hununua dukani kama peremende, hupandisha presha.

Na kabla ya kupimwa, keti dakika tano umetulia, mgongo umeegemea, mkono mezani usawa wa moyo, usiongee. Nenda haja ndogo kwanza. Usiwe umetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa hiyo. Namba iliyopatikana kwa mtu aliyekimbilia basi si namba.

Kukaa na mzee wa namna hii

Usimbishie hesabu mbele ya watu. Mgawie dawa mtu mmoja wa nyumba, zimezwe saa ile ile kila siku, na chumba kikae vilevile kila siku, kofia pale, bakora pale. Mpime macho na masikio, maana mzee asiyesikia huonekana amepotewa kuliko alivyo. Mambo ya fedha mwondolee taratibu, kwa kukaa naye mkihesabu pamoja, si kwa kumnyang'anya ufunguo kama sisi tulivyofanya. Wala neno "amerogwa" lisitamkwe, hasa kwa bibi vizee wanaotangatanga usiku. Mnajua katika nchi yetu wako walioyapoteza maisha yao kwa neno la uchawi.

Mwalimu yule tulimwendea baadaye, padre na wajumbe watatu, tukamwomba radhi. Sidhani alielewa yote. Akatuuliza kama mabati yamekwisha kununuliwa. Tukamwambia yamenunuliwa, na kwamba fedha zilitosha. Akasema, "Niliwaambia zitatosha." Aliendelea na dawa, akaja kanisani miaka miwili zaidi, akiimba nyimbo zote bila kitabu.

Ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni nani katika nyumba yako mwenye zaidi ya miaka 40 ambaye hajapimwa presha mwaka huu? Je, ni wewe?

2. Yuko mzee katika mtaa wetu ambaye tabia yake imebadilika, nasi tumempa jina baya? Ni nani atakayekwenda kumwona, na lini?

3. Mashine ya kupimia presha ya betri si ghali kwa mtaa mzima ukichanga. Ikinunuliwa, itakaa kwa nani, na nani atafundishwa kuitumia baada ya ibada?